Bluetooth ya Kompyuta Mpakato Ipo kwa Ajili ya Nani?

Zamani za simu za kubonyeza, vijana wakikutana neno la kwanza lilikuwa "nirushie". Nirushie huo wimbo, nirushie ile picha ya harusi. Simu mbili zinalazwa mezani ubavu kwa ubavu, kila mmoja anakodolea macho mstari unaosogea, na baada ya nusu dakika wimbo umehamia kwa jirani. Nilipopata kompyuta mpakato yangu ya kwanza niliingia nayo na mazoea hayohayo. Usiku mmoja nikairushia simu yangu filamu ya megabaiti 700. Nikala, nikaoga, nikarudi. Mstari haujafika hata katikati. Nikalala. Asubuhi nikakuta simu imezima kwa kuishiwa chaji, na kipande cha filamu kilichokwisha kufika hakifunguki.

Hesabu ningeweza kuifanya mapema. Bluetooth ya kawaida, mambo yakiwa mazuri kabisa, hupitisha takriban megabiti 2.1 kwa sekunde, yaani robo ya megabaiti na ushee. Filamu ile ilihitaji dakika 45 hivi endapo kila kitu kingekwenda sawa, na kwenye redio hakuna siku ambayo kila kitu huenda sawa. Fleshi ingeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo wauzaji hawaligusi: kama haifai kubebea mizigo, ile alama iliyojikunja pembeni ya saa kwenye skrini ya kompyuta ipo kwa ajili ya nani?

Jibu langu ni kwamba ipo kwa ajili ya mwenzake. Kompyuta mpakato ina betri ya wati-saa 50 hivi. Betri moja ya AA ndani ya kipanya ina wati-saa tatu au nne. Kile kipokea sauti cha kupachika sikioni hakifikishi hata robo ya wati-saa moja. Tajiri akikutana na fukara wa namna hii, mazungumzo yao hayana budi kupangwa kwa uwezo wa fukara: maneno machache, sauti ya chini, mapumziko mengi. Bluetooth ni lugha iliyotungwa kwa mpango huo. Kila matumizi yanayoufuata hunyooka, na karibu kila malalamiko niliyowahi kuyasikia yametoka kwa mtu aliyeuvunja bila kujua.

Asili yake inathibitisha. Kabla ya Bluetooth, kompyuta nyingi za mpakato zilikuwa na kijidirisha cheusi chenye wekundu kwa mbali ubavuni, cha miale ya infraredi, kwa kanuni za chama cha IrDA kilichoundwa mwaka 1993. Ilifanya kazi kama rimoti ya televisheni: vifaa vitazamane uso kwa uso, na mtu akipita katikati mazungumzo yamekufa. Mwaka 1994 kampuni ya Ericsson ya Sweden ikaanza, katika mji wa Lund, kutafuta redio ndogo na rahisi ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mholanzi Jaap Haartsen na Msweden Sven Mattisson ni miongoni mwa wahandisi waliobeba kazi hiyo. Mei 1998 Ericsson ikaungana na Nokia, IBM, Intel na Toshiba. IBM na Toshiba zilikuwa na majina makubwa kwenye kompyuta za mpakato, lakini wazo lenyewe lilizaliwa kwenye simu, na kompyuta ikaalikwa kwenye karamu ya wengine.

Jina lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel, aliyekuwa amevutiwa na habari za Waviking. Harald Blåtand, yaani Harald Jino la Buluu, alikuwa mfalme wa Denmark katika karne ya 10 na anakumbukwa kwa kuwaweka Wadenmark na Wanorwe chini ya utawala mmoja. Lilikusudiwa kuwa jina la muda tu hadi idara za masoko zipate jingine zuri zaidi, lakini ndilo lililobaki. Alama yenyewe ni herufi mbili za kale za Skandinavia, H na B, zilizobebana.

Uwanja ambao vifaa hivi huchezea ni masafa ya gigahezi 2.4, ambayo katika nchi nyingi hayahitaji leseni. Uwanja wa bure hujaa. Wi-Fi iko hapo, oveni ya mikrowevu inavuja hapo, na vipanya visivyo vya Bluetooth vyenye kijiti chao cha USB viko hapo pia. Bluetooth asilia hukigawa kipande hicho cha masafa katika vichochoro 79 na kuruka kutoka kimoja hadi kingine mara 1,600 kwa sekunde, ili kelele ikikipata kichochoro kimoja isiharibu sentensi nzima. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 imejifunza pia kuvikwepa vichochoro vyenye fujo. Watu wanapenda kusimulia kwamba mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr ndiye aliyegundua Bluetooth. Hapo kuna chumvi. Yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza ya Marekani mwaka 1942 kwa wazo la kuongoza torpedo kwa redio inayorukaruka kati ya masafa 88, idadi ya vibonyezo vya piano. Ni ndugu wa ukoo mmoja na wazo la Bluetooth. Kumwita mama mzazi ni kuzidisha.

Nguvu ya redio yenyewe, kwa daraja lililozoeleka, ni miliwati 2.5, na umbali unaotajwa ni mita 10. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hufyonza masafa haya. Ndiyo maana simu iliyo mfuko wa nyuma wa suruali inaweza kukwaruza muziki wakati iliyo mezani, mbali zaidi, inaimba vizuri.

Mwaka 2010 likaja toleo la 4.0, nalo likaleta kitu ambacho majina ya matangazo yamekificha hadi leo. Ndani yake kulikuwa na redio ya pili, ya nishati ndogo, iliyotokana na mradi wa Nokia uliotangazwa mwaka 2006 kwa jina la Wibree. Hii ina vichochoro 40, hutumia muda mwingi usingizini, huamka, hutamka neno, hulala tena. Kwa hiyo kompyuta ya leo ina Bluetooth mbili chini ya jina moja. Ukiona sanduku limeandikwa "Bluetooth 5, mwendo mara mbili, umbali mara nne", ahadi hizo zinahusu ile ya nishati ndogo. Muziki wako, kwa vipokea sauti vingi vilivyopo mitaani, bado unapita kwenye ile ya zamani. Nimewaona watu wakinunua kijiti kipya cha USB kwa matumaini kwamba nyimbo zitasikika vizuri zaidi. Walichonunua ni namba.

Tuanze na matumizi yaliyo mepesi na yaliyofanikiwa kuliko yote: kipanya na kibodi. Kipanya hakina mengi ya kusema. Nimesogea kushoto kidogo, nimebonyezwa, nimeachwa. Baiti chache tu, kisha kimya. Kwa redio ya nishati ndogo vifaa hivi vinaweza kuzungumza na kompyuta kila baada ya milisekunde 7.5 vinapofanya kazi, na kulala fofofo mkono unapoondoka. Ndiyo sababu betri moja hukaa miezi mingi. Mchezaji wa michezo ya kasi atasema milisekunde 7.5 ni nyingi, na kwa kipimo chake yuko sahihi, kwa kuwa vijiti maalumu vya USB huripoti mara 1,000 kwa sekunde. Mhasibu, mwalimu na mwandishi hawataona tofauti. Faida yao ni nyingine: kompyuta nyembamba za siku hizi zina matundu mawili ya USB, pengine moja, na kijiti cha kipanya kinakula nusu ya utajiri huo.

Kuna kero moja ya kipanya inayowachanganya watu, nayo chanzo chake hakipo kwenye kipanya. Kipanya kinakwenda vizuri asubuhi. Mchana, mwenyewe anapochomeka fleshi au diski ya USB 3.0, mshale unaanza kuchechemea. Intel iliandika juu ya jambo hili mwaka 2012: nyaya na matundu ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia palepale kwenye gigahezi 2.4. Ukihamishia diski tundu la upande wa pili, au ukitumia waya wenye kinga nzuri, kero hupungua au huisha. Fundi asiyelijua hilo atakuuzia kipanya kipya.

Kwenye sauti ndiko ugomvi ulipo, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka ya vikao vya mtandaoni ilipoanza, nilinunua vipokea sauti vya Bluetooth vya masikio yote mawili, vyenye mito laini, vya bei iliyoniuma. Nikasikiliza taarabu, kila uzi wa ile ala ya kanuni unasikika. Kisha nikaingia kikaoni. Ghafla sauti za watu zikawa nyembamba, kama zinapita kwenye bomba. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye kamati akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona kama unaongea ukiwa ndani ya pipa?" Nikaamini nimeuziwa kanyaboya. Sikuwa nimeuziwa kanyaboya. Kompyuta ilikuwa imebadilisha lugha bila kuniarifu.

Bluetooth asilia ina taratibu tofauti kwa kazi tofauti. Utaratibu wa muziki hutuma sauti upande mmoja tu, kutoka kompyuta kwenda masikioni, kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya lazima iitwayo SBC inayofikia kilobiti 328 hivi kwa sekunde kwenye mpangilio wake wa ubora wa juu. Huo haujui maikrofoni ni nini. Programu ya kikao ikidai maikrofoni ya kichwani, kompyuta huhamia utaratibu wa pili, ule uliotungwa kwa ajili ya simu za ndani ya gari. Huu huenda pande zote mbili, lakini hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, ubora wa simu ya mezani ya kale, au mara 16,000 kwa vifaa vilivyojua kanuni ya baadaye. Santuri ya CD hupima mara 44,100. Ndipo uzi wa kanuni unapopotelea.

Tiba ni ya bure na inashangaza ni wachache kiasi gani wanaijua. Ndani ya mipangilio ya programu ya kikao, chagua vipokea sauti vya Bluetooth kwa kusikilizia, lakini maikrofoni chagua ile iliyojengwa ndani ya kompyuta. Kompyuta haina tena sababu ya kuhama utaratibu, nawe unasikia vizuri. Hasara yake ni kwamba maikrofoni ya kompyuta itachukua pia jogoo wa jirani na muuza samaki anayepita. Kwa nyumba zetu hilo si jambo dogo, na kwa mtu anayefundisha au kufasiri moja kwa moja, vipokea sauti vya waya bado ni mfalme. Nasema hivyo bila aibu.

Familia mpya ya sauti iliyotangazwa mwaka 2020, LE Audio, inapita kwenye redio ya nishati ndogo na inatumia kodeki iitwayo LC3 inayobana vizuri zaidi. Inaruhusu sauti nzuri na maikrofoni viende pamoja. Windows 11 imeanza kuifahamu, na inaweza kuungana pia na baadhi ya vifaa vya kusaidia kusikia vinavyoitumia, jambo ambalo kwa mtu mwenye usikivu hafifu lina thamani kuliko nyimbo zote. Ila kompyuta, programu yake ya kuendeshea redio, na kifaa cha sikioni vyote vitatu lazima viijue. Kimoja kikiwa cha zamani, mazungumzo yanarudi kwenye bomba.

Ucheleweshaji ni tatizo la pili la sauti. Kompyuta hubana, hutuma, kipokeaji hukusanya kidogo ili kisikatikekatike, kisha hukunjua. Safari hiyo huweza kufika sehemu ya tano ya sekunde. Kwenye filamu programu nyingi huchelewesha picha ili midomo ilingane na maneno, na mtazamaji hajui. Mpiga kinanda anayetumia kompyuta kama ala hana wa kumchelewesha: anabonyeza sasa, anasikia baadaye, mkono unapoteza mapigo. Waya tena.

Kurusha mafaili hakuhitaji maneno mengi. Windows XP ilipopata toleo lake la pili la maboresho mwaka 2004, ikaja na uwezo wake yenyewe wa kutuma na kupokea faili kwa Bluetooth, na uwezo huo upo hadi leo kwa anayejua kuutafuta. Kwa picha mbili tatu, au waraka wa kurasa 10 kutoka kwenye simu ya Android, unafaa kabisa na hauli bando. iPhone haipokei faili kwa njia hiyo kutoka kwenye kompyuta ya Windows, basi usihangaike. Programu zilizokuja baadaye, Xender na wenzake, zilihamishia mzigo kwenye Wi-Fi kati ya simu na simu, na neno "nirushie" likabaki huku njia ikiwa imebadilika. AirDrop ya Apple ndiyo inayoonyesha vizuri mgawanyo wa kazi uliotokea: Bluetooth hutumika kutambua nani yuko karibu, Wi-Fi hubeba mzigo. Mpiga mbiu mmoja, mchukuzi mwingine.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo ufinyu wa bomba hili naupenda. Simu inaweza kuigawia kompyuta intaneti kwa Bluetooth badala ya Wi-Fi. Mwendo hautavuka megabiti moja au mbili, video hutazami. Barua pepe zinafika, maandishi yanafunguka, na simu haipati joto wala haiishiwi chaji haraka kama inapogawa kwa Wi-Fi. Na Windows inapoamka na njaa yake ya kupakua maboresho ya gigabaiti kadhaa bila kuuliza mwenye bando, inakuta mlango ni mwembamba. Anayenunua data kwa siku anaelewa ninachosema. Zipo njia rasmi za kuiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo; mlango mwembamba ni njia ya wasioamini ahadi.

Ukitoka ofisini ukaenda kwa watu wa kazi za mikono, utakutana na Bluetooth ambayo matangazo hayaitaji. Ni ule utaratibu unaoigeuza redio kuwa bomba la herufi tu: unachoandika upande huu kinatokea upande ule, kama waya wa kale wa kompyuta na modemu. Kwenye Windows bomba hilo huonekana kama tundu lenye jina la COM na namba, ijapokuwa hakuna tundu. Printa ndogo ya risiti, ile ya karatasi inayoandikwa kwa joto, hupokea mauzo ya duka kutoka kwenye kompyuta kwa njia hiyo. Risiti nzima haizidi kilobaiti chache. Mwendo wa redio hauna shida yoyote.

Mafundi wa magari nao wamo. Magari yote mapya yaliyouzwa Marekani tangu mwaka wa modeli 1996 yalilazimika kuwa na tundu la uchunguzi liitwalo OBD-II, na nchi nyingine zilifuata kwa nyakati tofauti. Kifaa cha ukubwa wa kiberiti, chenye chipu ya ELM327 au nakala yake, huchomekwa chini ya usukani na kuisomea kompyuta au simu misimbo ya hitilafu kwa Bluetooth. Magari ya mitumba kutoka Japani yana vituko vyake: baadhi ya yale ya zamani yana tundu la umbo lilelile lakini hayazungumzi lugha ileile, na fundi hubaki akilaumu Bluetooth. Nakala za bei poa za chipu hiyo nazo hujitangaza kuwa za toleo ambalo haziliwezi. Kabla ya kulaani redio, jaribu kifaa kwenye gari jingine.

Wanafunzi wa uhandisi wanakifahamu kipande cha Bluetooth kiitwacho HC-05, kisichozidi kidole gumba, kinachounganishwa na bodi ya Arduino kwa nyaya nne. Neno lake la siri la kiwandani huwa 1234. Ukikiunganisha na kompyuta mpakato, unapata bomba la herufi lenye mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, na roboti ya magurudumu mawili inaanza kuvuka maabara kwa amri za kibodi. Mwendo huo ni mdogo hadi kuchekesha. Kwa kusema "mbele, kushoto, simama" unatosha na kubaki.

Katika orodha yangu, matumizi yenye heshima kuliko yote ni ya msomaji asiyeona. Programu ya kusoma skrini kama NVDA, inayotolewa bure, au JAWS, inayouzwa, huweza kupeleka maandishi ya kompyuta kwenye ubao mdogo wa breli ambao vitone vyake hupanda na kushuka chini ya vidole. Ubao huo ukiunganishwa kwa Bluetooth, mwanafunzi anaiacha kompyuta ndani ya begi, anauweka ubao mapajani na kusoma mhadhara wake kimyakimya wakati wenzake wanaandika. Kiasi cha data kinachopita ni mstari wa herufi 40 hivi, au pungufu. Hakuna waya wa kumnasa mtu anayepita asiyeuona. Bei ya mbao hizi bado ni kizuizi kikubwa, na hapo redio haina msaada.

Matumizi mengine yamekua katika miaka ya karibuni bila kelele, na ndiyo yanayoniaminisha zaidi kwamba kazi ya Bluetooth kwenye kompyuta inaelekea kwenye ushahidi wa ukaribu. Mwaka 2017 Windows 10 ilipata uwezo wa kujifunga yenyewe simu ya mwenyewe inapopotea hewani. Wazo ni zuri, ila kwa ofisi ndogo halifai sana: mita 10 zinavuka ukuta wa plywood bila hodi, na mtu anaweza kwenda kunywa chai chumba cha pili huku kompyuta yake ikimhesabu yupo.

Ufunguo wa siri unaochukua nafasi ya nywila ni mfano bora zaidi. Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kuupanua. Unafungua tovuti kwenye kompyuta, inaonyesha mchoro wa QR, unaupiga kwa simu, unaweka kidole. Kinachofanyika chini kwa chini ni kwamba simu hutoa mlio mfupi wa Bluetooth, na kompyuta lazima iusikie. Tapeli aliye mji mwingine akikutumia picha ya mchoro wake wa QR ili uupige kwa niaba yake, hafiki mbali, kwa kuwa kompyuta yake haiko mahali pa kuusikia mlio wa simu yako. Mazungumzo mengine yote hupita kwenye intaneti. Anayezima Bluetooth ya kompyuta "kwa usalama" kisha akashangaa kwa nini kuingia kwa simu kunagoma, amemtoa shahidi mahakamani.

Tangu mwaka 2019 kompyuta za Mac nazo zinaweza kutoa mlio kama huo zikiwa zimefungwa na kulala. Kifaa cha Apple cha mpita njia yeyote kikiusikia, hupeleka habari ya mahali ilipo bila mpita njia kujua. Mafanikio yake hutegemea wingi wa vifaa hivyo mtaani. Katikati ya jiji una matumaini. Kijijini ni kupiga mbiu porini.

Hatari zipo, na zinafaa kupimwa kwa uzito wake. Mwaka 2019 watafiti walionyesha shambulio waliloliita KNOB, ambalo hushawishi vifaa viwili vikubaliane ufunguo wa usimbaji wenye nguvu ya baiti moja tu, jambo linaloweza kukisiwa mara moja. Desemba 2023 ikafichuliwa dosari iliyoruhusu mgeni kujitambulisha kama kibodi kwa baadhi ya mifumo bila mwenyewe kukubali, ikiwemo Android, Linux na ya Apple. Hii ya pili iliniogopesha zaidi ya ya kwanza. Kibodi ni mkono. Anayekubaliwa kama kibodi anaweza kuandika amri yoyote ambayo wewe ungeandika. Dosari hizo zilipata marekebisho, na mshambuliaji alihitaji kuwa karibu, kwa hiyo mtu wa kawaida aliye sebuleni kwake hana haja ya kukosa usingizi. Kompyuta ambayo haijapata maboresho kwa miaka, imeachwa wazi kuonekana na kila mtu kwenye chumba cha kusubiria abiria, hiyo ni habari nyingine. Oanisha vifaa nyumbani, usikubali ombi usilolianzisha, futa vifaa ulivyokwisha kuuza.

Wengi wetu tunanunua kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, Marekani au Ghuba, na hapo Bluetooth ndiyo sehemu inayosahaulika kukaguliwa. Mara nyingi redio ya Wi-Fi na ya Bluetooth ziko kwenye kadi moja ndogo na zinashirikiana antena, lakini ndani ya kompyuta hupita njia mbili tofauti: Wi-Fi hupita kwenye njia ya PCIe, Bluetooth kwenye njia ya USB iliyojificha. Ndiyo maana unaweza kukuta Wi-Fi inapaa huku Bluetooth haionekani kabisa. Wakati mwingine kuzima kabisa, si kulaza, na kuchomoa chaja kwa dakika chache huirudisha. Wakati mwingine ni programu ya kuiendesha iliyokosekana. Kadi ikiwa imekufa, kijiti cha USB kinaziba pengo. Kujua umri wake, fungua orodha ya vifaa ndani ya Windows, tazama maelezo ya redio ya Bluetooth, tafuta namba iliyotanguliwa na herufi LMP. Ukiona 6 ni toleo la 4.0, 8 ni 4.2, 9 ni 5.0, 11 ni 5.2. Chini ya 6, redio ya nishati ndogo haimo, na vipanya vingi vipya havitaongea nayo.

Mara ya mwisho nilipokwenda Kariakoo kutafuta kompyuta ya mdogo wangu, nilitia kipanya changu mfukoni. Muuzaji alikuwa amekwisha kunionyesha skrini, chaji, ukubwa wa diski. Nikatoa kipanya, nikabonyeza kitufe cha chini hadi taa ikaanza kupepesa. "Kaka, wengine huja na wakala wao," akasema, "wewe umekuja na panya." Nikakitikisa juu ya kaunta. Mshale ukasogea, naye akavuta kiti, tukaanza kuzungumza bei.